Ini la Mogesi

Mogesi Heche alikuwa mchinjaji wa ng'ombe pale Nkende, mjini Tarime, na damu haikumtisha. Siku asizochinja alilisha ng'ombe wake kando ya kinamasi, akitafuna mashina meupe ya matete machanga, matamu kweli, kama baba yake alivyomzoesha. Jioni hakurudi mikono mitupu. Alimletea mkewe Modesta fungu lake.

Shida ya mchinjaji ni kwamba ameshaona mengi. Homa ilipomshika, ubavu wa kulia ukauma na macho yakageuka manjano, Mogesi hakuhitaji kuambiwa. Mara ngapi amepasua ini la ng'ombe akakuta mirija ya nyongo imekakamaa, kisu kinakwaruza, na ndani minyoo bapa kama majani inajikunja? Ini la namna hiyo bwana afya huagiza litupwe. Aliliwaza lake.

Akanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani amwambie hivyo Mkurya aliyetahiriwa bila kupepesa jicho? Alichukua chupa ya dawa ya minyoo ya ng'ombe, akakadiria uzito wake kama anavyomkadiria ndama, akanywa. Jamani, kichwa hicho! Alitapika siku mbili, mpaka Modesta akaiona chupa uvunguni.

"Baba Neema, wewe ni ndama?" Modesta alilia. "Inuka, twende hospitali."

Huko walimpaka mafuta baridi tumboni, wakampima kwa mashine ya picha. Kwenye kioo, ndani ya mrija wa nyongo, kitu kikajisogeza. Mogesi alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Mtanipasua?" aliuliza.

"Hatupasui, mzee," alisema Daktari Aoko. "Kuna vidonge. Utameza ukishakula, leo na kesho. Minyoo ikifa itatoka na nyongo, na ubavu unaweza kukubana. Ukikubana, njoo hapa. Usirudi kwenye chupa ya ng'ombe."

Siku ya tatu ubavu ulimbana kweli, Modesta akamrudisha hospitali. Yule mwanamume wa jando alimwita marehemu mama yake kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Alijua anakufa. Walimchoma sindano ya maumivu, na kesho yake akaomba ugali.

Baada ya wiki tatu alirudi kupimwa, macho meupe. Mrija ulikuwa safi. Mogesi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Modesta, mwenye mimba ya miezi saba, alimshika mkono.

"Minyoo hii huingia kwa majani ya majini yanayoliwa mabichi," daktari alisema huku akiandika. "Ulikuwa unakula nini?"

"Matete, daktari. Ya kinamasini."

"Na nyumbani, nani mwingine anayatafuna?"

Kicheko kikamkauka. Tangu mimba ilipoingia, Modesta hakutamani kitu kingine, na Mogesi alikuwa akiingia majini hadi magotini kumchagulia yaliyo mororo.

Modesta aliuachia mkono wa mumewe, akashika tumbo lake.