Aliyetia Kalafati Hupanda

Mjomba wangu Tsofa hana desturi ya kumwuliza mtu kama anataka. Siku nilipoachika hakunipa pole wala hakuniuliza neno. Alinionyesha kibanda kando ya karakana yake ya boti pale Liwatoni, akasema, "Birika hilo, Sidi, na unga wa mahamri huo." Nilinuna mwezi mzima. Mpaka leo nauza chai papo hapo.

Basi mahakama ilipomtafutia Khubaib mahali pa kufanya kazi, nani mwingine angemkubali? Kijana wa Mji wa Kale, miaka kumi na saba, alikamatwa pamoja na wenzake wakipora watu kwa mapanga huko Makadara. Hakimu alimpa mwaka mmoja chini ya afisa wa probesheni: ama afanye kazi, ama aende jela. Mama yake, Bi Fadhiya, alimleta mwenyewe, uso ameuinamisha kwa haya.

"Mzee Tsofa, mimi nimeshindwa naye. Na akifungwa, hatarudi yule niliyemzaa."

"Hatafungwa," mjomba akasema.

"Mimi sitaki kazi ya boti," Khubaib akadakia, macho ameyaelekeza baharini.

"Hapana alokuuliza."

Nilichemka kuliko birika langu. Nikamwambia mjomba mbele yao kwamba hiari yashinda utumwa, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, huyu keshakauka. Akanijibu kuwa punda hendi bila kigongo, na kwamba chai yangu inafurika. Kweli ilikuwa inafurika.

Kijana alitoroka wiki ile ile. Mjomba ana goti lisilokunjika tangu aangukiwe na ubao, lakini alichechemea mpaka Mji wa Kale, akabisha mlango wa Bi Fadhiya hadi majirani wakachungulia madirishani. Akarudi naye kwa tuktuk. Akatoroka tena, akafuatwa tena. Wavuvi walimcheka mjomba, wakasema amepata mchumba. Yeye aliwacheka pia, na kesho yake akaenda.

Mwishowe Khubaib alichoka kutoroka, akakaa. Alifundishwa kutia kalafati, yaani kushindilia nyuzi za pamba zenye mafuta katika mianya ya mbao ili boti isivuje. Alifanya huku amevimba mashavu. Mjomba alimwachia ubavu wa kushoto wa boti ya mvuvi mmoja, Jamaldin, yeye akashika wa kulia.

Sasa, pale kwetu aliyetia kalafati hupanda. Siku boti inaposhushwa majini, fundi huketi chini ndani yake, upande alioufanyia kazi, mpaka mkondoni na kurudi. Kama kazi ni mbovu, yeye ndiye wa kwanza kulowa.

"Panda," mjomba akamwambia.

"Sipandi."

Nilingoja vita. Mjomba akavua makubadhi. "Haya. Nitakaa upande wako mimi." Akajivuta na goti lake mpaka ubavu wa kushoto, akaketi. Hawezi kuogelea na mguu ule, na hakuna asiyejua pale. Jamaldin akawasha injini.

Nilimwona Khubaib akibadilika uso. Boti ilipoanza kuondoka alirukia majini, akaing'ang'ania kwa mikono miwili.

"Teremka, mzee! Teremka! Nimetia matambara! Pamba sikutia, nimepaka rangi juu tu!"

Jamaldin alimtukana matusi ambayo siyaandiki, akatoa simu ampigie afisa wa probesheni saa ile ile. Nilimfikiria Bi Fadhiya, na nikajua kwamba simu ile ndiyo jela yenyewe.

"Kazi imetoka karakana yangu," mjomba akamwambia, maji yameshamfika vifundoni. "Ukimshtaki yeye, nishtaki na mimi." Jamaldin akairudisha simu mfukoni, shingo upande.

Mjomba akateremka, akamtia Khubaib nyundo na chembeu ya kuchokolea mkononi. "Toa yote. Anza upya."

"Sitaki," Khubaib akasema, na alikuwa analia.

"Sikukuuliza."

Jioni nilimwuliza mjomba kama alijua. "Ningejua ningepanda?" akanikaripia. "Mimi mwendawazimu?"

Khubaib alichokoa matambara yote. Hakuacha kununa, na sitawadanganya kwamba aliimba kazini. Lakini kila mwanya alipoujaza aliuchunguza kwa kidole, akarudia.

Boti ikashushwa tena. Mjomba alikuwa bado anakunywa chai yangu. Khubaib alikunja suruali, akapanda, akaketi chini ubavu wa kushoto.

"Nani alokwambia upande?" mjomba akamwuliza.

"Hapana mtu."

Mjomba aliweka kikombe, akapanda, akaketi upande wake wa kulia. Wakaenda mpaka mkondoni, wakarudi. Khubaib alipoteremka, nilimtazama suruali kabla ya uso. Ilikuwa kavu.