Mtetezi wa Mizani

Nimetoka Nakuru, Kenya, kuja Ifakara, Tanzania, kufanya mafunzo ya kazi kwenye shirika linalosaidia kina mama wafanyabiashara wadogo. Tulipewa semina kuhusu ndugu wanaowapora wajane mali, nikatoka na hasira inayotafuta mtu.

Nikampata. Mama Anjelina, anayefungasha na kuuza mchele pale Lumemo, alifiwa na mumewe, nikaenda msibani. Tumekaa mkekani, mara akaingia mama mmoja amevaa kofia ya marehemu, anachechemea kama marehemu alivyochechemea. Akapitiliza stoo, akatoka na mizani ya biashara.

"Mwenyewe kafa, sasa mchele wote wangu," akasema. "Mjane akalime."

Watu waliinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Nilidhani wanalia. Nikasimama, nikamnyang'anya mizani, nikamhutubia kuhusu haki za wajane mpaka sauti ikakauka, kisha nikamwonyesha njia ya kutokea.

Mama Anjelina akanivuta sketi.

"Mwanangu, kaa. Huyo ni Mngoni, mtani wetu sisi Wapogoro. Kazi yake msibani ni kutuchekesha. Ndiyo kwanza nilikuwa nataka kucheka."

Nikabaki nimekumbatia mizani, sijui niiweke wapi. Yule mama akanipokea taratibu, akaikumbatia vilevile, akatoa macho na kuanza kwa lafudhi yangu ya Kikenya: "Haki za wajane..."

Msiba mzima ukaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Mama Anjelina.