Onyo Pembeni mwa Kioo

Katika karakana ile ya viti vya magurudumu kila mtu aliitwa kwa jina la utani, na la mchoraji lilikuwa Milimita. Ukimwambia kitu kimekaa vizuri, atakuuliza kimekaa kwa kiasi gani. Hata nyumbani mkewe alimtania kwamba anakata mkate kama vile utafungwa bolti. Alianza kazi kwa penseli na rula, na kompyuta zilipoingia, wenzake wa rika lake walizikwepa. Yeye alikaa nazo, akakosea, akafuta, mpaka ikawa akishika kipanya, mashine nzima inajengeka kwenye kioo kabla chuma hakijakatwa.

Karakana ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Wakati huo walikuwa wakibuni baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ya kuhimili barabara za mashimo. Aliyeijaribu ni mshonaji wa viti, mwanamke aliyepooza miguu tangu utotoni. Walimwita Dereva, na ulimi wake haukujua kona.

Lililomsumbua Milimita hakuna aliyelijua. Alikuwa ameanza kugonga miimo ya milango kwa bega. Vikombe vya chai alivipiga kumbo kama havipo. Watu walimsalimia kutoka ubavuni akapita kimya, wakasema siku hizi anajisikia. Mbele yake aliona vizuri, hata tundu la sindano. Ni pembeni ndiko dunia ilikokuwa ikijifunga kidogo kidogo. Mama yake alianza hivyo hivyo, na alifariki akiwa wa kushikwa mkono hata kwenda msalani. Kwa hiyo Milimita alijua. Na kwa kuwa alijua, hakwenda hospitali. Alijiambia atakwenda kazi iliyopo mkononi ikiisha, na kazi, kama ujuavyo, haziishi.

"Shemeji," mwenye karakana alimwambia asubuhi moja, "isogeze breki karibu na mpini. Wenye mikono mifupi hawaifikii."

"Leo leo utaipata."

Akaisogeza. Programu ya kuchorea ilikuwa na tabia yake: vipande viwili vikigongana popote mpini unapozungushwa, alama nyekundu inawaka chini kabisa, upande wa kulia wa kioo. Milimita aliutazama mpini pale katikati, akaona umekaa sawasawa. Akapeleka michoro kwa wakata chuma.

Sampuli ilipokamilika Dereva aliiendesha uani, akaisifu, kisha akaitoa nje kwenye mteremko ulio nyuma ya karakana. Gari lilichomoza kwenye kona. Akakata mpini ghafla hadi mwisho, kishikio cha breki kikagonga fremu na kujibana, gurudumu la mbele likagoma, na baiskeli ikambwaga. Mkono wake wa kulia ulivunjika chini ya kiwiko.

Waliporudi kutoka hospitali, shemeji alivuta kiti akakaa mbele ya kompyuta.

"Hebu uzungushe mpini mpaka mwisho."

Milimita akauzungusha.

"Na hiyo nyekundu hukuiona?"

"Ipi?"

Shemeji alidhani ni ukaidi. Akagonga kioo kwa kidole. "Hii hapa. Inawaka."

Milimita akageuza kichwa chote kuufuata mlio wa ule ukucha, ndipo akaiona. Shemeji akakishusha kidole, akamtazama macho. Nje mtu alikuwa akinoa kitu.

"Tangu lini?" shemeji aliuliza.

"Siku nyingi."

"Dada yangu anajua?"

"Hajui."

Daktari alisema ni presha ya macho. Matone ya dawa yangezuia uoni uliobaki usiharibike haraka. Uliokwisha kwenda haurudi. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, na hakulia. Walipofika nyumbani ndipo alipofungua kinywa. "Nilikuwa nikikucheka unapogonga mlango. Ukaniacha nicheke." Tangu hapo wakawa wanapishana humo ndani kwa adabu, kama wageni.

Kumwendea Dereva kulimwia vigumu kuliko kumwendea daktari. Alimkuta kitandani, nyumbani kwa dada yake, mkono uko kwenye plasta, akisubiri mtu wa kumnyanyua akae.

"Nimekuja kukuomba radhi, dada yangu."

"Kaa kwanza." Akamtazama. "Wewe ukivunjika mkono, unatembea. Mimi mikono ndiyo miguu. Sasa hivi nabebwa kama gunia."

"Najua."

"Hujui. Habari ya macho yako nimeshaisikia, na kutoona si kosa. Lakini ungeniambia huoni, nisingepanda. Haki hiyo ulininyima."

Milimita akainuka. Aliondoka bila kusamehewa, na moyoni aliona kwamba amestahili.

Alimwambia shemeji ataacha kazi. Shemeji, mwenye hasira ambayo haijapoa, akamjibu kwamba kuacha ni njia nyingine ya kujificha. Na huyo mchoraji mwingine anayeyajua mafundo ya ile baiskeli yuko wapi? Basi akaendelea, kila mchoro ukikaguliwa upya na shemeji mwenyewe. Lilikuwa jambo la kumwinamisha kichwa mtu aliyeitwa Milimita.

Kabla plasta haijatolewa, mlango ukafunguliwa, Dereva akaingia akisukumwa na dada yake. Akataka kiti chake kisogezwe upande wa kulia wa kompyuta.

"Dereva, hukulazimika kuja kunisaidia," Milimita alisema.

"Nani kakuambia nimekuja kukusaidia? Nimekuja kuulinda mkono uliobaki. Endelea kuchora."

Siku zote zilizofuata alikaa pale. Nyekundu ikiwaka, alisema "hapo", bila tabasamu, na Milimita alirudi nyuma akarekebisha. Taratibu Dereva alijifunza kazi yenyewe, akaanza kuuliza maswali, mengine magumu. Sampuli ya pili ilipotoka aliijaribu uani tu. Mteremkoni alikataa, na hakuna aliyemshurutisha. Aliyeishusha ni shemeji. Breki haikugusa kitu.

Milimita alishangilia na wenzake, kisha akaenda chooni kutia matone yake. Akayahesabu, akafumba macho, akangoja yaingie, asijue yatamshikia upande gani wa dunia, wala kwa muda gani.