Kitabu Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Tulia aliolewa Mpuguso miaka ile ya ruksa, sabuni na sukari ziliporudi madukani na kila kijana mwenye miguu akakimbilia Tunduma kuchuuza nguo. Mumewe, Fred, alikuwa mmojawapo. Tulia akabaki na wakwe, na migomba, na mwanawe wa pekee, Obed. Surua ikamchukua Obed kabla hajajifunza kutembea.

Wanawake walikuja msibani, wakalia naye, wakamwambia, "Kazi ya Mungu haina makosa." Jamani, maneno mengine heri mtu akae nayo tumboni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku matanga yalipoanuliwa, Tulia alimwambia mama mkwe wake waziwazi kwamba kwa huyo Mungu asiyekosea yeye harudi tena. Jumapili zikaja zikapita, yeye yuko jikoni anamenya ndizi, kengele ya kanisa inamwita bure.

Baba mkwe wake, Mzee Andongwisye, aliyasikia hayo. Lakini angefanya nini? Mila ya Kinyakyusa haina mchezo: mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Tulia akisikia fimbo ya mzee njiani, alijitosa kwenye migomba, kanga usoni, mpaka apite. Vijana wa Tukuyu mjini walishaanza kuicheka mila hiyo, ila mbele ya mzee huyu hakuna aliyethubutu. Mzee wa kanisa mzima, aliyefariji nusu ya kijiji, hakuwa na njia ya kumfariji mtu wa nyumbani mwake.

Akatafuta ujanja. Alasiri moja, mvua ikinyesha kama kawaida yake, aliweka kigoda barazani, mgongo kwenye ukuta wa mianzi wa jiko, akafungua kitabu chake cha zamani ambacho jalada lake lilishakuwa kipande cha boksi la sabuni. Akasoma kwa sauti, eti anajisomea. Kilikuwa kitabu cha Wakristo walioteswa: fundi viatu aliyefungwa gizani kwa kukataa kumkana Bwana, mjane aliyewapikia uji askari waliomwua mumewe. Tulia alikasirika. Alipigapiga sufuria makusudi. Mzee alinyamaza hadi kelele zikaisha, kisha akaendelea palepale alipoachia. Kesho yake tena, na keshokutwa. Mwishowe Tulia akaziacha sufuria zipumzike.

Ndipo ikaja hadithi ya mtu aliyekwenda migodini kusini, akarudi na sanduku la bati lililojaa nguo za watoto, akakuta makaburi ya watoto wake wote yameota majani. Nguo zile akawagawia watoto wa majirani. Kila Jumapili aliziona zikikimbia uwanjani mwa kanisa, naye akisimama nje akimlaumu Mungu.

"Alimlaumu mpaka akachoka," ilisema sauti nyuma ya ukuta. "Alipochoka, akamkuta Mungu bado amekaa naye."

Kisu kilimdondoka Tulia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Mungu anaweza kulaumiwa na asiondoke. Alilia mpaka ndizi zikaungulia chunguni. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani. Hakuimba, ila alikaa hadi mwisho.

Miaka ikasogea, akazaa tena, na nyimbo zikamrudia. Kisha macho ya mzee yakaingia ukungu na miguu ikamgomea. Akamtuma mkewe na kitabu: sasa mkamwana asome, yeye atasikiliza. Tulia alikipokea kwa mikono miwili, na kabla ya yote akaitafuta hadithi yake, ile ya sanduku la nguo. Alipekua mwanzo hadi mwisho, akarudia. Haikuwamo. Wala hapakuwa na ukurasa uliochanika.

Akamwuliza mama mkwe, aliyekuwa anapepeta mahindi. Ungo ukasimama.

"Mwanangu, hayo hayajaandikwa popote," alisema. "Wale walikuwa wanangu wa kwanza, kabla ya Fred. Na sanduku lenyewe ndilo hilo unamotunzia unga."

Tulia aligeuka akalitazama sanduku alilolifungua kila siku tangu aolewe. Aliogopa hata kuligusa. Miaka yote amekula chungu kimoja na mama huyu, akidhani uchungu umeanzia kwake!

Alasiri hiyo mzee aliletwa barazani, akaegemezwa ukutani. Tulia, jikoni, akasoma ya fundi viatu, akasoma ya mjane. Kisha akafunua ukurasa, akaacha kutazama maandishi, akaisema ya mtu wa sanduku la bati kama alivyoisikia. Alipofika pale mtu yule alipochoka na Mungu akabaki, akafunga kitabu.

Barazani ilisikika mvua tu. Halafu mzee, ambaye hakuwahi kumsemesha tangu aingie nyumbani humo, akamjibu kupitia mianzi.

"Mwanangu, soma tena hapo."

Tulia akafungua kitabu, akasoma tena.