Magogo ya Makandi Yaliyoshuka Ishiara Kutafuta Jua

Ukungu wa Julai umeilalia Nkubu tangu jana, na asubuhi hii hakuna anayetaka kutoa mikono mfukoni. Makandi ameitoa yote miwili. Amesimama nyuma ya nyumba yake, gambuti miguuni, leso imefunga masikio, na mbele yake gogo la mgrevilia limesimama wima, kimo chake hakizidi goti. Anavuta kamba ya msumeno wa petroli. Unakohoa. Anavuta tena, unanguruma, na kuku wa jirani wanatimua mbio kana kwamba hawajausikia jana na juzi.

Anaushusha msumeno katikati ya gogo kutoka juu, bila haraka, na kuusimamisha kabla haujafika chini. Shubiri moja inabaki nzima. Analizungusha gogo na kukata tena, mkato wa pili ukiukatiza wa kwanza mfano wa msalaba.

"Ukipitisha mpaka chini, umepasua kuni tu," anasema akizima mashine. "Ukiacha kubwa, moto inalala. Lazima gogo ijishike yenyewe."

Makandi, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, anatengeneza na kuuza magogo ya kuota moto nje. Mteja hulisimamisha gogo uani, huweka kichocheo pale mikato inapokutana, na moto hushuka wenyewe ndani ya gogo ukivuta hewa kupitia nyufa zile. Haudai mafiga wala mtu wa kuchochea. Sufuria hukaa juu yake, na ardhi ikiwa tope, shauri yake.

Kwa wanaume wanaokaa uani jioni wakitafuna miraa, hiyo ni neema. "Hao wakianza story, hakuna mtu anataka kuinuka aongeze kuni," anasema. "Kila mtu anangojea mwenzake. Gogo yangu imewamalizia hiyo kesi."

Anacheka, lakini leo kicheko chake hakifiki mbali. Magogo manane aliyoyafunika kwa turubai kando ya ukuta yanakwenda kwa Mukiri, ng'ambo ya mto, ambako wageni wanakuja kumposa binti wa nyumba ile. Na ni katika ua huohuo wa Mukiri ambapo Makandi aliaibika miaka miwili iliyopita.

Ujuzi wenyewe aliuokota Kiambere, alipokuwa mpishi katika kambi ya mafundi wa barabara. Mvua ilinyesha mpaka meko yakaelea. Mkata miti mmoja, Salesio, alimhurumia, akasimamisha gogo, akalikata msalaba, na chai ikachemka huku maji yakipita chini. Makandi hakuuliza mengi. Alitazama, na mkataba ulipoisha alirudi Nkubu akanunua msumeno uliotumika, akaanza kununua migrevilia mizee kutoka kwa wakulima wanaopunguza kivuli mashambani mwa kahawa.

Kisha akafariki Mithika, mume wa Mukiri. Huku kwao, siku za matanga majirani huja kukaa na wafiwa nje, na desturi haina siri: watu hukaa maadamu moto unakaa. Makandi alipeleka magogo yake kwa fahari yote.

Alikuwa ameyakausha jinsi kuni zote za Nkubu zinavyokaushwa, juu ya uchaga wa jikoni, moshi ukipanda kutoka mekoni kwa mama mkwe wake, Ciakuthii. Yalitoka meusi, na ukiyagonga yalilia kama ngoma. Alipoyakata ili kuyapeleka, unga wa mbao ulimshika vidoleni ukiwa na unyevu.

"Nilidhani ni ukungu," anasema. "Hapa kila kitu iko na maji. Hata chumvi iko na maji. Sikushuku mti."

Kuni za jikoni ni nyembamba, moshi huzipenya. Gogo lilikuwa limekauka ganda tu. Moto uliwaka juu, ukafuka, ukafa. Wazee walikohoa, wakafuta macho, wakaanza kuaga mmoja mmoja. Mukiri alibaki na dada zake wawili na safu za viti vitupu, na mumewe hajazikwa bado.

"Hakunitukana," Makandi anasema. "Angenitukana, ningelala."

Mdomo wa sokoni ukamalizia kazi. Walimwita Mama Moshi. Wateja walimkimbia, akarudi kuuza mafungu ya kuni ya shilingi hamsini, msumeno ukining'inia ukutani. Ciakuthii, ambaye hana kawaida ya kukwepa lawama, anajitwika yake.

"Mimi ndio nilimwambia weka kwa uchaga," anasema bibi huyo kutoka mlangoni pa jiko. "Hiyo uchaga imekausha kuni ya mama yangu na ya nyanya yangu. Sikujua hii mti yake imekataa kufunzwa."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Runji, aliyemwoa dada yake Makandi, ni mkulima wa ndengu huko Ishiara, na kila alipopandisha mzigo wake Nkubu, pikapu yake ilirudi tupu. Siku moja alimkuta shemeji yake akiyatazama magogo kwa hasira.

"Shida yako si mti, shemeji, ni jua," alimwambia. "Kwetu nguo inakauka ukiwa bado unaianika."

Basi Makandi akakata nyufa kwanza, mti ukiwa mbichi, ili jua lipate njia ya kuingia, kisha magogo yakateremka Ishiara. Nkubu ilicheka hadi ikachoka. Kupeleka kuni Mbeere, nchi hiyo ya Ishiara iliyojaa kuni, walisema, ni sawa na kupeleka miraa Maua inakolimwa. Runji aliyapanga juu ya mawe, maana mchwa wa kwao hawana adabu, na akayaacha kiangazi kizima. Yaliporudi, mtu mmoja aliweza kubeba gogo ambalo awali lilihitaji wawili.

Wa kwanza kuyapa nafasi alikuwa Idrisi, muuza nyama anayechemsha supu mbele ya bucha lake. "Nilimwambia, Mama Koome, leta moja," anakumbuka, akimwita Makandi kwa jina la mwanawe. "Ikiharibu supu yangu na moshi, utakunywa hiyo supu yote wewe."

Hakuinywa. Wateja wa Idrisi waliimaliza, wakauliza gogo lile linauzwa wapi. Tangu hapo Idrisi humwekea mafuta ya ng'ombe, na Makandi huyatumia kulowesha magunzi ya mahindi, ndiyo kiberiti chake. Siku hizi anauza yapata magogo arobaini kwa mwezi, kila moja shilingi mia nne, na karibu nusu humezwa na miti, petroli na pikapu. Anataka kujenga banda lake Ishiara, lenye paa na sakafu ya mawe, ili hata masika yasimsimamishe.

"Hiyo itakuja," anasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona mahali nguzo zitakaposimama. "Lakini hii ya leo ndio kubwa kwangu. Mukiri alipiga simu, akasema, 'Mama Koome, leta manane.' Akakata."

Saa tano wageni wanapoingia kwa Mukiri, ukungu bado umekaa juu ya migomba. Makandi amesimamisha magogo sita uani. Anaweka magunzi, anawasha, anarudi nyuma na kusimama ameshika shingo yake. Miali inasimama, inainama, kisha inazama ndani ya nyufa. Moshi unatoka kidogo, mweupe, unapotea. Hakuna anayekohoa.

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi anavuta kiti karibu. Mwingine anamfuata. Birika linawekwa juu ya gogo, na mazungumzo ya mahari, ambayo wengi walitabiri yangekatizwa na baridi, yanaendelea hadi yanakwisha kwa mikono kushikana.

Wageni wanapoanza kula, Makandi anainama kuyarudisha kwenye pikapu magogo mawili ambayo hayakuwashwa. Mukiri anavuka ua na kuweka mkono juu ya gogo.

"Haya yaache," anasema. "Mwezi wa nane tunamfanyia Mithika ukumbusho. Usiku wa matanga yake watu waliondoka mapema."

Makandi anayainua moja moja. Anayabeba mpaka chini ya paa la ghala ambako mvua haifiki, na kuyasimamisha juu ya mawe.

"Nitakuja kuwasha mimi mwenyewe, mama," anasema.

"Njoo na kiti," Mukiri anamjibu. "Utakaa."