Nusu Ndevu na Meno Matatu Mazima

Na kile kiti chenye mto nacho kapewa kaka. Kila kitu kaka. Kinyozi, mdogo wake, alisimama mlangoni, kiganja kakikinga karibu na shavu la kushoto bila kuligusa, roho inamuuma kuliko shavu lenyewe.

Kaka mtu ana vivimbe laini mwili mzima, ugonjwa kaurithi kwa marehemu baba. Ukimwona tu, huruma hii hapa. Mama anampaka mafuta, anamsindikiza kliniki, akiamka anamuuliza kalalaje. Kinyozi yeye ngozi safi, ukiacha madoa ya rangi ya chai mgongoni, ambayo mama huyaita alama za kuzaliwa. Maumivu yake hayana sura. Upepo ukimpuliza au kijiko kikimgusa mdomo, shoti inampiga toka sikioni mpaka kidevuni, anaganda. Kidogo tu, imekwisha. Sasa nani amwamini mtu ambaye punde si punde anachekesha wateja?

Kazini wanamwita Nusu Ndevu. Ananyoa watu kutwa nzima, lakini shavu lake la kushoto halijaona wembe tangu mwaka jana.

"Fundi, huyo anayekunyoa hukatikiwa umeme katikati?" Wanamtania hivyo, naye anacheka kwa upande mmoja.

Mama alishikilia kwamba ni meno. Likang'olewa la kwanza, maumivu yakabaki. La pili, vilevile. La tatu hivyo hivyo, na yote yalikuwa mazima. Siku hiyo mama, huku akimwekea kaka mto vizuri, akamwambia mdogo mtu akang'oe la nne.

Hapo akalipuka. "Mama, mpaka niote vivimbe ndiyo uamini naumwa?" Akavua shati waone ngozi isiyo na kivimbe, akalitupa chini, akamgeuzia mama mgongo aondoke zake.

"Simama hapo hapo," kaka akasema. Akainuka kwenye kiti chake cha kifalme, akaanza kuyahesabu madoa kwa kidole. Yalipofika tisa akaacha.

"Mama, hizi si alama za kuzaliwa tu. Mimi nilianza hivi hivi, kabla ya vivimbe." Akamgeukia mdogo wake. "Kila nikienda kliniki wananiuliza kama uso unaniuma. Miaka yote nawajibu hapana. Kumbe swali lilikuwa lako, mdogo wangu."

Kinyozi akaona wivu tena. Hata swali lake alikuwa anaulizwa kaka!

Kaka akampeleka siku ya kliniki yake mwenyewe. Picha ya kichwa ikaonyesha kivimbe kidogo kimeukalia mshipa wa fahamu wa uso, kushoto. Akaanzishiwa dawa, shoti zikapungua. Mama alilia, akaomba radhi, na kile kiti sasa wanapokezana, kwa kununiana.

Meno matatu lakini hayarudi. Basi wewe unayesoma, kama kwenu kuna ugonjwa wa vivimbe na mtu analalamika uso unampiga shoti, acha kumbishia. Mvue shati, mkague mgongo kama una madoa ya rangi ya chai, mpeleke hospitali ukamweleze daktari yote mawili, ugonjwa wa ukoo na shoti za uso, kabla hajang'olewa jino hata moja. Nenda leo.