Transfa Iko na Mahali Mbili

Neno transfa nililisikia nyumbani kwetu kabla sijajua kuhesabu. Kwa sisi watoto wa jeshi, tuliozaliwa kwenye kota za Arua, Uganda, tukakulia ukimbizini Zaire, kisha tukarudishwa Koboko kwa mababu zetu, lilikuwa neno la heshima. Halikutamkwa ovyo. Mgeni akija, akamwuliza Mama, "Na baba ya watoto?", Mama alishusha macho kwenye kawa aliyokuwa anasuka, akasema, "Iko. Alipata transfa." Mgeni alipunguza sauti, akasema, "Pole, mama. Mungu atafungua njia." Basi. Chai ililetwa, habari zikageuzwa kuwa za chumvi na sukari.

Nilidhani ndivyo ilivyo dunia nzima: mtu akipata transfa, unasema pole na unapunguza sauti. Zaidi ya hapo sikujua. Nilijua Baba alikuwa askari, na askari huhamishwa, leo Moroto, kesho Masindi. Nami nilikuwa mtoto wa furaha, hata mvua ikivuja kitandani nilicheka. Kwa hiyo sikuona tatizo. Aliyehamishwa atahamishwa tena, na siku moja watamhamishia kwetu. Niliwahi hata kupanga kiti atakachokalia.

Nilipofika miaka kumi na mitatu, kitu nilichokipenda kuliko chakula kilikuwa mpira. Wavulana hawakutaka tucheze nao, basi mimi na rafiki yangu tulikwenda kucheza kwenye kota za zamani, pembeni mwa mji, zilizoachwa tangu vita vilivyotukimbiza. Rafiki yangu alikuwa mtoto wa wakulima wa Lobule, Mkristo, kipa hodari, mwenye mdomo mrefu. Kila Jumamosi alikuja kwa baiskeli kumletea shangazi yake mihogo, na akishaitua tu, alinifuata.

Kota zile zilibaki kuta tupu. Mabati yalikuwa yamekwenda, milango imekwenda, na sebuleni mwa watu yalikuwa yameota mapapai. Ilikuwa Januari, nyasi zimechomwa kila upande. Majivu yalielea hewani bila kuanguka, na jua la saa saba lilikuwa jeupe kama sahani ya bati, halina joto wala kivuli cha maana. Ukipiga mpira ukutani ulisikia "du!" yake. Halafu, kutoka nyumba ya tatu, ambako hakuna aliyepiga kitu, ulisikia "du!" nyingine.

"Sikia," alisema rafiki yangu siku ya kwanza. "Kuna mutu anarudisha pasi."

"Ni ukuta tu, wewe mla mihogo."

"Ukuta unajibu mara moja, mtoto wa jeshi. Huyu anafikiri kwanza."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini tangu siku ile, kabla ya kuanza mchezo, nilitoa salamu mlangoni mwa nyumba ya tatu. Sikuona vibaya. Kama kuna mtu wa tatu, ni afadhali awe wa timu yetu.

Karibu na pale palikuwa na zahanati ya misheni, na mle alikuwemo Sista mmoja mzee, Mwitalia, aliyejifunza Kiswahili Zaire kama sisi. Ndugu yake alimtumia dawa katika maboksi, na chupa zilizungushiwa magazeti ya michezo. Siku moja rafiki yangu alijikata goti, tukaenda kufungwa bandeji. Ndipo nikaiona picha kwenye karatasi iliyokunjika: watu kumi na mmoja, kaptura, soksi ndefu, nywele zimefungwa nyuma.

"Sista, hawa ni wanaume wa namna gani?"

"Wanaume? Tazama vizuri, binti. Hawa ni wanawake. Kwetu wako na ligi yao."

Jamani! Nilisahau goti la watu. Sista alikunjua gazeti mezani, akaanza kutusomea, kidole kikitembea. Alisema ligi ya wanawake ya kwao inaita wachezaji kutoka nchi za mbali, kwenye baridi. Wengine mchana wanauza dukani, jioni ndiyo wanaingia uwanjani. Alisema Wajerumani nao wanajipanga, na wanawake wa Swideni na Norwe hawachezewi. Kisha kidole kikashuka kwenye safu ndogo ya pembeni.

"Na hii ni orodha ya transfa," alisema.

Sista akaendelea kusoma, kwa sauti ile ile ya kusomea dozi: mmoja kutoka Denmaki, mmoja kutoka Swideni, wawili kutoka Uingereza, golikipa, mlinzi, mwingine, mwingine. Safu haikwisha. Niliona macho ya wale wanawake kwenye picha yakinitazama, na nikaanza kuhesabu wangapi watabaki.

"Poleni sana, Sista," nikasema polepole. "Wote hawa kwa msimu mmoja?"

Sista akavua miwani. "Pole ya nini?"

"Ya transfa."

Rafiki yangu akaangua kicheko. Sista hakucheka. Alinitazama kwa muda, na nadhani alijua mengi kuhusu nyumba za Koboko kuliko alivyosema. "Mwanangu, hawa wamefurahi," akasema. "Transfa iko na mahali mbili. Ile unatoka, na ile unafika. Tazama, wameandika zote. Kama haina mahali pa kufika, hiyo si transfa."

Akanipa karatasi ile niende nayo.

Wiki zilizofuata tulikuwa wanazuoni wa mpira wa wanawake wa Ulaya, mimi na rafiki yangu, kwa gazeti moja na nusu. Kila Jumamosi tulibishana kwenye kizingiti cha nyumba ya tatu, majivu yakitudondokea kichwani.

"Ligi ngumu ni ya Italia," nilisema. "Kila mtu anahamia huko. Watu hawahamii kwenye kitu kibovu."

"Acha zako. Wanahamia kwa sababu wenyewe wako dhaifu, wanatafuta msaada. Swideni hakuna anayeingia, wote ni watoto wa nyumbani, na wanashinda. Hiyo ndiyo nguvu."

"Mbona wa Swideni wanatoka?"

"Mti wenye matunda mengi ndio unadondosha."

"Basi Koboko ni ligi ya kwanza duniani. Nani hajatoka hapa?"

Alicheka, akatupa mpira juu, akaudaka. Halafu akasema, kwa mchezo tu, kama alivyosema mambo yote: "Mimi najua ligi moja inapita zote. Inasajili kila mwaka, wakubwa kwa wadogo, na haijarudisha mchezaji hata mmoja."

"Ya wapi?"

"Ya chini," akasema, akapiga mpira ukutani. Du. Tukasubiri. Siku ile jibu halikuja. Tulingoja, mimi na yeye, mpaka tukaacha kutabasamu. Akachukua baiskeli yake bila kuaga vizuri, nami nikarudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Nilikuwa na daftari. Nilichora jedwali kwa rula, kama la gazetini: jina, kutoka, kwenda. Majina sikuyaweza kuyaandika sawasawa, nikaandika "kipa wa Denmaki", "mrefu wa Swideni". Mistari yote ilijaa. Chini kabisa ulibaki mmoja, na sijui mkono wangu uliongozwa na nini. Niliandika: Baba. Kutoka Arua. Kwenda. Hapo kalamu ikakwama. Nilikaa pale alasiri nzima nikitafuta mji. Niliweka Moroto nikafuta, nikaweka Juba nikafuta, mpaka karatasi ikatoboka.

Kwa mara ya kwanza nilijisikia mjinga. Wanawake nisiowajua, wanaocheza kwenye baridi, nilijua walikofika. Baba yangu sikujua. Na nikaogopa, kwa sababu kama Sista alisema kweli, basi Baba hakupata transfa.

Nilimkuta Mama barazani, kawa magotini, sindano ikiingia na kutoka. Hakujua kusoma. Aliliona daftari akauliza, "Umeandika nini?"

"Transfa, Mama."

Sindano haikusimama. "Za nani?"

"Za wanawake wa Ulaya, wachezaji."

"Soma."

Nikasoma. Kipa, kutoka Denmaki, kwenda Italia. Mrefu, kutoka Swideni, kwenda Italia. Mama aliitikia kila mstari, "Ehe," kama mtu anayepokea salamu. Nilipofika chini nikasema, "Baba. Kutoka Arua. Kwenda..." nikaweka kidole pale karatasi ilipotoboka.

Mama hakuitikia. Upepo ulikuwa umeacha kabisa. Kuku mmoja alikuwa amesimama uani, mguu mmoja juu, hausogezi.

"Mama, Baba iko wapi?"

"Iko."

"Wapi? Hawa wote wako na mahali mbili."

Akaweka kawa chini. Akazungumza akiutazama mlango, si mimi. Alisema siku tuliyokimbia Arua tulishika njia ya Vurra, kuvukia Zaire, mimi nikiwa mgongoni mwake. Risasi ilimpata Baba asubuhi, akatembea nayo mpaka karibu na adhuhuri, akisema si kitu. Kisha akakaa kando ya njia na hakuinuka. Watu walikuwa wanapita wakikimbia, hakuna aliyesimama. Mama alichimba kwa sahani ya bati. Hakumwosha, maji yalikuwa ya kunywa mtoto. Sanda ilikuwa kitenge chake mwenyewe.

"Shimo lilifika hapa," akasema, akagusa goti. "Halafu wakapiga risasi tena, nikakuchukua nikaenda. Sikukaa eda, mwanangu. Eda yangu niliitembea kwa miguu mpaka Aru, kule Zaire, na kupita Aru. Nilipofika kambini wakaniuliza, mume wako? Ningesema nini? Kwamba nimemwacha njiani nusu yake nje? Nikasema transfa. Na wenzangu wote walikuwa na transfa. Tukaelewana."

Nilitaka kulia lakini nililia baadaye. Pale nilisema tu, "Twende."

Tulikwenda kabla ya mvua za kwanza. Lori mpaka Arua, na asubuhi yake tukashika barabara ya Vurra. Mama alivaa kitenge kipya. Tulipovikaribia vibanda vya ushuru vya mpakani, malori yalikuwa yamepanga mstari mrefu, madereva wamelala chini yake, na vumbi lilifunika kila kitu hata huoni kama ni Uganda au kwingine. Mama akaacha barabara, akaanza kutembea pembeni, anakwenda hatua ishirini, anageuka, anarudi kumi.

"Kulikuwa na jiwe," alisema. "Jiwe kubwa hivi."

Hapakuwa na jiwe. Barabara ilikuwa imechimbwa na kupanuliwa. Mashamba ya mihogo ya watu wa upande wa Logiri yalikuwa yamefika mpaka ukingoni, na zaidi ya hapo nyasi zilizoungua, nyeusi, kimya. Mama alianza kwenda haraka zaidi. Nilimwona akijaribu kila mahali kwa mguu, kama mtu anayetafuta ngazi gizani, na mchana ulikuwa mweupe.

Mwanamke aliyekuwa anauzia madereva karanga alitufuata, beseni kichwani.

"Mama, unatafuta mutu?"

Mama akashtuka. "Umejuaje? Sijasema."

"Mwenye kutafuta mbuzi anaita. Mwenye kutafuta mutu anatembea hivyo, macho chini." Akashusha beseni. "Wanakuja wengi. Kila kiangazi wanakuja. Kutoka Koboko, kutoka Arua, kuna mmoja alitoka Sudani."

"Wanapata?"

"Hapana, mama. Hakuna anayepata. Wanachagua."

"Wanachagua nini?"

"Mahali."

Nilidhani Mama atakasirika. Akakaa chini, pale pale kwenye majivu, na kitenge chake kipya. "Mimi siwezi," akaniambia. "Mimi nilimwacha. Wewe chagua."

Nilisimama. Nilitafuta ishara, maana nilikuwa mtoto wa kuamini ishara. Hapakuwa na kitu. Mahali pote palifanana, na nilihisi pote pananitazama, kwa sababu kama wengi hivyo wamechagua, basi nilikuwa nimesimama juu ya baba wa mtu. Nilitembea kidogo, taratibu, nikiomba radhi moyoni kila nilipoweka mguu. Kisha nikafika mahali ambapo moto ulikuwa umepita pande zote mbili ukaacha nyasi chache, za rangi ya majani makavu, hazikuungua. Sikusikia lolote. Nilichoka tu, nikaona hapa mtu anaweza kukaa kupumzika.

"Hapa," nikasema.

Mama akaja. Akapatazama sana. "Inaweza kuwa," akasema. "Inaweza."

Tukainua mikono, tukasoma Fatiha. Yule mwanamke wa karanga hakuwa Mwislamu. Alinitazama mimi kwanza, akafungua viganja vyake kama vyangu, na tulipomaliza akasema amina. Nyuma yetu lori liliwashwa, mstari ukasogea.

Mama akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya nyasi zile. Alianza kumgombeza Baba. Alimgombeza kwa lugha ya nyumbani, kwa kukaidi, kwa kutembea na risasi asubuhi nzima bila kusema, kwa kumwacha na mzigo wote. Aligomba mpaka sauti ikaisha. Halafu akanivuta mkono, nikapiga magoti karibu naye.

"Huyu ndiye nilikuwa naye mgongoni," akamwambia. "Leo amekuja na miguu yake."